Trekta dogo kwa shamba la ekari chache: yanayosemwa na yaliyo kweli

Bagamoyo, Kibaha, Mkuranga, Kiwangwa: kote huko mashamba ya ekari tano, nane au kumi yamekuwa mengi, na wenyewe wengi ni watu wa Dar es Salaam. Jumatatu hadi Ijumaa wako kazini, Jumamosi wako shambani. Misimu miwili ya kusubiri trekta la kukodi linalofika mvua ikiwa imeshapita inatosha kumfanya mtu aseme: basi, nanunua langu. Hapo ushauri huanza kumiminika, na mwingi unatoka kwa watu ambao udongo wao, zana zao na kazi zao hazifanani na zako. Nawaona watu wakitumbukiza akiba ya miaka kwenye chuma kisichowafaa, na inaniuma. Ndiyo maana naandika haya.

Dhana: HP kubwa ndiyo nguvu kubwa

HP, yaani nguvu za farasi, inayoandikwa ubavuni mwa boneti ni ya injini. Sehemu yake huliwa na gia kabla haijafika kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha zana. Kwenye kuvuta hupotea zaidi, hasa udongo ukiwa tifutifu au unateleza. Kwa hiyo usianze na trekta. Anza na zana nzito kuliko zote unayokusudia kuifunga, na udongo wa shamba lako. Rotaveta, zana ya visu vinavyozunguka na kusaga udongo, yenye upana wa mita 1.2 hufanya kazi vizuri nyuma ya trekta la HP 20 hadi 25. Plau ya diski tatu kwenye udongo wa mbuga, ule mzito unaonata, ni habari nyingine kabisa. Hapo unazungumzia HP 50 na kuendelea.

Halafu kuna uzito, ambao wauzaji hawautaji mpaka uulize. Trekta huvuta kwa sababu matairi yake yameikandamiza ardhi. Trekta la kilo 700, hata likiwa na injini kali, likifungwa plau litazungusha matairi palepale huku dizeli ikiteketea. Massey Ferguson 135, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, haifikishi HP 50, lakini ina uzito wa karibu tani moja na nusu. Bado unaikuta ikilima vijijini, na uzito huo ni sehemu kubwa ya sababu. Ukipewa matrekta mawili yenye HP sawa, uliza kilo.

Lakini uzito nao una deni lake. Trekta zito likipita kwenye udongo uliolowa hushindilia ardhi, na mizizi ya mahindi haitoboi tabaka hilo. Kwenye ekari tano zenye bustani, nanasi na miti, trekta kubwa pia halina pa kugeuzia.

Dhana: ukiwa na trekta lako, kulima kunakuwa nafuu kuliko kukodi

Hili ndilo linalowagharimu watu zaidi, kwa hiyo tupige hesabu pamoja. Rotaveta ya mita 1.2 ikienda kilomita 3 kwa saa inapita kwenye mita za mraba 3,600 kwa saa moja. Toa muda wa kugeuza na upana unaorudiwa ili isibaki mistari, zinabaki kama 2,700. Ekari moja ina mita za mraba 4,047, yaani saa moja na nusu kwa ekari. Shamba la ekari nane linakwisha kwa saa 12. Ukilima vuli na masika, ni saa 24 kwa mwaka mzima, kwa mashine iliyoundwa kufanya kazi mamia ya saa kila mwaka. Muda uliobaki liko bandani, na trekta linalolala bandani linazeeka vilevile: betri inakufa, sili, zile raba za kuzuia oili isivuje, zinakauka, maji yanajikusanya kwenye tangi la dizeli, panya wanatafuna nyaya.

Kinacholipa trekta dogo ni kazi za katikati ya msimu. Kufyeka chini ya miembe na mikorosho. Kubeba samadi, maji na mavuno kwa tela. Kuzungusha pampu. Mikorosho hupandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, na katika nafasi hizo nyasi za masika huota upya kabla vibarua hawajamaliza mzunguko wa kwanza. Andika unacholipa kwa kufyeka kwa mwaka mzima. Wengi hawajawahi kuijumlisha. Kama kazi za namna hiyo huna, endelea kukodi. Kama unazo, bado unaweza kukodi trekta kubwa lije lipige plau, halafu lako dogo likafanya haro (kuvunja mabonge), kufyeka na kubeba. Kwa mwenye ekari zisizozidi kumi, mimi ningeanza na mpangilio huo kabla ya mwingine wowote.

Na wazo la kulikodisha kwa majirani ili lijilipe? Dreva hulipwa kwa ekari, kwa hiyo atalikimbiza. Jirani ana visiki asivyovitaja. Wewe uko mjini. Trekta la HP 24 halikuundwa kwa maisha hayo.

Dhana: pawatila ni ya kuchezea

Kauli hii ilishika mizizi baada ya kampeni ya Kilimo Kwanza iliyozinduliwa mwaka 2009, pawatila nyingi, zile mashine za magurudumu mawili zinazoongozwa kwa mikono, zilipopelekwa wilayani na baadhi zikaishia kuvuta tela tu. Kosa lilikuwa kuipeleka kwenye udongo mkavu uliokakamaa, mahali ambapo mashine nyepesi ya magurudumu mawili inarukaruka juu juu na kumchosha anayeishika. Nenda Mbarali au Lower Moshi kwenye majaruba ya mpunga uione ikifanya kazi. Maji yameshalainisha ardhi, na wepesi ule ule uliokuwa udhaifu ndio unaoizuia kuzama. Mwenye shamba bonde la Ruvu anayelima mpunga ekari mbili au tatu aifikirie pawatila kwa heshima zote kabla hajakopa kwa ajili ya trekta la magurudumu manne.

Dhana: mtumba wa Japani, nunua ufumbe macho

Kubota, Yanmar, Iseki: ni mashine nzuri, na injini zake ndogo za dizeli zinavumilia. Ila fumbua macho. Mengi ya matrekta haya yalitengenezwa kwa soko la Japani peke yake, na modeli zake hazikuuzwa kwingine, kwa hiyo ukimtajia muuza spea namba ya modeli anaweza asiijue kabisa. Vibandiko vya maelekezo ni vya Kijapani. Mengi pia yana mwendo wa PTO zaidi ya mmoja, wakati zana nyingi zinazouzwa huku zimeundwa kwa mizunguko 540 kwa dakika. Ukiifunga mashine ya kufyekea ukaweka mwendo wa juu, unaweza kuvunja gia zake au kurusha kisu. Mwombe fundi akuoneshe nafasi ya 540, uiwekee alama ya rangi.

Angalia pia sehemu ya kufungia zana. Mikono ya chini ya kawaida kwa matrekta haya madogo hutumia pini za milimita 22, na mkono wa juu milimita 19. Baadhi ya matrekta ya Japani yana mfumo wa pekee uliokusudiwa rotaveta yake tu. Utalipata na rotaveta nzuri, ukitaka kufunga kitu kingine uanze kutafuta mchomeleaji. Kwa kuwa mengi yalifanya kazi kwenye mpunga, chungulia ekseli ya mbele: oili iliyochanganyika na maji huwa nyeupe kama maziwa, na hiyo inakuambia sili zimekwisha.

Hata kwa trekta jipya la India, kabla ya kuuliza bei, uliza nani mjini anauza filta zake, pampu na sahani ya klachi. Trekta likisimama wiki tatu za Aprili kwa kukosa kifaa kidogo, msimu umekwenda.

Dhana: bila magurudumu yote manne kuvuta, umeliwa

Inategemea. Kwa trekta jepesi kwenye tope, au lenye koleo la kupakilia mbele, faida ni kubwa. Kwa kufyeka na kuvuta tela kwenye kichanga kikavu cha Mkuranga, magurudumu mawili yanatosha, na vya kuharibika vinakuwa vichache.

Dhana: trekta dogo halipinduki

Linapinduka, na linaua. Udogo wake huwafanya watu walizoee haraka: wanampakia mtoto kwenye bawa la juu ya gurudumu, wanakata kona na tela limejaa, wanang'oa kisiki kwa mnyororo. Hapo kwenye kisiki ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Mnyororo ukifungwa juu, kwenye mkono wa juu wa kubebea zana, kisiki kikigoma trekta huinuka mbele na kumwangukia dreva kinyumenyume, kabla hajawahi kukanyaga klachi. Mnyororo hufungwa chini, kwenye kivutio cha nyuma, basi.

Kinachookoa maisha ni fremu ya chuma inayosimama nyuma ya kiti, pamoja na mkanda. Sweden iliilazimisha kwa matrekta mapya mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikashuka sana. Matrekta mengi ya zamani hayana fremu hiyo. Kama una miti yenye matawi ya chini, tafuta yenye bawaba, uilaze unapopita na kuisimamisha ukitoka, na ikiwa imelazwa usifunge mkanda. Bei ya fremu iingize kwenye bei ya trekta tangu siku ya kwanza. Naomba hili lisichukuliwe kama pambo.

Dhana: saa chache kwenye mita, trekta halijachoka

Mita hubadilishwa kwa dakika chache. Tazama raba za pedali, uchezaji wa usukani, matundu ya pini kwenye mikono ya nyuma kama yamekuwa ya yai. Mwambie muuzaji mapema asiliwashe kabla hujafika, kisha shika injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, jiulize kwa nini aliiwasha. Iwake ikiwa baridi, mbele yako. Moshi mweupe wa mwanzoni ukitoweka si tatizo, wa buluu unaoendelea ni oili inayoungua. Kisha funga zana nzito, iinue hadi juu, zima injini na usimame kando. Zana inatakiwa ibaki juu kwa dakika kadhaa. Ikishuka papo hapo, haidroliki inavuja ndani, na gharama ya kuitengeneza iondolewe kwenye bei kabla hujatoa shilingi.