Je, hifadhi za taifa ni za wageni wenye magari?

Wakazi wengi wa Mwanza huamini kwamba hifadhi ya taifa ni mahali pa watalii kutoka ng'ambo, panapohitaji gari kubwa na fedha nyingi. Imani hiyo inaeleweka, kwani picha tulizozoea kuonyeshwa ni za Serengeti. Hata hivyo Saanane, kisiwa cha miamba kilichoanza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, hufikiwa kwa boti kwa dakika chache tu kutoka mjini, na humo mgeni hutembea kwa miguu akiwatazama swala pala, pimbi na kenge. Rubondo, hifadhi nyingine ya taifa iliyo kisiwani katika Ziwa Victoria, iko mbali zaidi. Huko watu hupiga kambi, hutembea msituni na huvua sangara kwa ndoana, ingawa uvuvi huo huhitaji kibali. Viingilio vya raia wa Afrika Mashariki ni vya chini sana kuliko vya wageni wengine. Anayetaka uhakika aombe orodha ya bei katika ofisi ya hifadhi, aangalie ni ya mwaka gani, kisha aulize kando nauli ya boti na ada ya kambi, ambazo, kwa maoni yangu, ndizo huzaa uvumi mwingi kuhusu ughali.