Agosti si mwezi wa Gir wala wa Rann nyeupe

Likizo za Agosti zikikaribia, ombi huwa lile lile: "Tupangie wiki moja Gujarat, India, tuone simba wa Gir na jangwa jeupe la Kutch." Mara nyingi tiketi za ndege zimeshanunuliwa. Jamani, Agosti hupati hata kimoja.

Gir, hifadhi ya simba, hufungwa kila mwaka kuanzia 16 Juni hadi 15 Oktoba. Kinachobaki wazi ni Devalia, eneo lenye uzio, na simba utawaona kwa sababu hawana pa kwenda. Tatizo ni madalali wanaouza Devalia kwa jina la Gir. Kibali cha pori lenyewe huombwa mtandaoni: jipu moja, watu wasiozidi 6, zamu ya masaa matatu hivi, majina na namba za pasipoti za wote. Pale Sasan, kijiji cha langoni, beba pasipoti halisi, ile ile uliyojaza.

Rann, yaani hilo jangwa jeupe, ndiyo inayonikera hasa. Watu wanaiwazia kama Sahara iliyopakwa chokaa, kwamba ipo tu mwaka mzima. Rann haina mchanga. Ni tambarare ya tope la chumvi, juu kidogo tu ya usawa wa bahari. Kusi ile ile inayovuma pwani yetu husukuma maji ya Bahari ya Arabu kupitia hori ya Kori, huku mito kama Luni ikimwaga maji ya mvua kutoka bara. Ardhi ni bapa, maji hayana pa kutokea, basi yanatuama. Mvua zikikatika jua linayakausha kidogo kidogo, chumvi inabaki juu. Kwa hiyo Agosti pale Dhordo, kijiji cha ukingoni mwa Rann, ni ziwa la maji ya tope.

Weupe ni wa Desemba hadi Februari. Novemba ni bahati nasibu: mvua zikichelewa kukatika utakuta madimbwi na tope la kijivu, ingawa kambi za mahema zimefunguliwa na bei ni ya msimu. Tarehe ya ganda kukauka haitabiriki, na anayekuhakikishia usimlipe. Hata Januari, ukiingia mbali, ganda linaweza kuvunjika kama ukoko na mguu ukazama topeni.

Kutoka mji wa Bhuj hadi Dhordo ni kilomita 80 hivi. Kibali kinakatwa njiani, Bhirandiyara. Lala Dhordo kwenyewe. Mchana mwanga unaumiza macho, picha zinaungua. Uzuri uko machweo, na usiku wa mwezi mpevu. Rann Ndogo, upande wa Dasada, ni safari nyingine kabisa: huko unafuata punda mwitu.

Kama likizo yako ni Agosti tu, achana na Kutch, kaa Ahmedabad. Mji wake mkongwe uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2017, na madirisha ya mawe yaliyonakshiwa ya msikiti wa Sidi Saiyyed, Mhabeshi aliyeujenga karne ya 16, yanatosha kukupeleka huko. Siku ya pili kodi gari mapema uende Patan kwenye Rani ki Vav, kisima cha ngazi cha karne ya 11, urefu mita 64, kina mita 27. Lango lake linatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi ndipo mwanga unaingia hadi kwenye sanamu za chini. Modhera, hekalu la Jua, iachie mchana. Ni kilomita 35 tu. Vaa viatu vinavyoshika: mawe yakilowa yanateleza vibaya, na ngazi hazina kishikio.