Challenger: sio kwamba hakuna aliyejua

Bado nasikia watu wanasema eti chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kililipuka Januari 28, 1986 na kuua watu 7 kwa sababu hakuna aliyejua shida, jamani sio kweli kabisa. Roger Boisjoly, injinia wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi zake, alishaandika memo Julai 1985 akionya kuhusu zile ringi za mpira za kuziba maungio ya roketi, Oktoba mwenzake Bob Ebeling akaanza memo yake kwa kuomba msaada, halafu usiku wa kuamkia safari mainjinia wakapinga kisirushwe kwa sababu ya baridi, mabosi wakaamua kirushwe tu. Mtafiti Dorothy Winsor alizichambua hizo memo, na hapa ndo penye uzito: kupeleka taarifa sio sawa na kukubalika, injinia na meneja walisoma data ileile wakaona vitu tofauti.