Hukuteuliwa Kwenye Drafti? Kaa Chini Tuongee

Saa tano usiku, simu inaita. Ni mama wa kijana ninayemfanyisha mazoezi, na analia. "Kocha, mwanangu hakuteuliwa. Sasa tufanyeje, aache mpira wa kikapu atafute kazi?" Kijana mwenyewe ana miaka 22, magoti mazima, na anaona pasi ambazo wenzake hawazioni. Lakini usiku ule nyumba yao ilikuwa kama ya msiba. Nimewaandaa wachezaji wa nafasi ya gadi, wale wanaopandisha mpira na kuupanga mchezo, kwa miaka mingi, na kila drafti ya NBA, siku timu za ligi kuu ya kikapu Marekani zinapoteua wachezaji wapya, ikipita nasikia kilio hichohicho. Nimechoka kukisikia, kwa sababu kinawavunja moyo vijana ambao kazi yao ndiyo kwanza inaanza.

Dhana yenyewe inasema asiyeteuliwa kwenye drafti amekwisha. Haya, tutazame drafti ilivyo. Ina raundi 2 na majina yasiyozidi 60. Anayeteuliwa raundi ya kwanza hupata mkataba wa ngazi maalumu ya mshahara, na akishausaini, fedha za miaka 2 ya mwanzo ni zake. Wa raundi ya pili hana uhakika huo. Amevaa kofia, amepigwa picha, ndugu wamepiga vigelegele, lakini timu inaweza kumwacha kabla msimu haujaanza. Na papo hapo haki za kumsajili ziko mikononi mwa timu hiyo moja, hata kama tayari ina gadi 5 wanaogombea dakika zilezile. Ambaye hakuteuliwa, drafti ikifungwa tu, yuko huru kuzungumza na timu zote 30 na kuchagua ile yenye pengo.

Ndiyo maana wapo mawakala ambao, raundi ya pili ikishaanza, huziomba timu fulani zimwache mteja wao. Watu wakiambiwa hivyo hawaamini. Basi wamtazame Austin Reaves mwaka 2021. Upande wake uliona afadhali asiteuliwe kuliko kwenda mahali pasipomfaa. Akasaini na Lakers mkataba wa njia mbili, ule unaomruhusu mchezaji kugawa msimu kati ya NBA na G League, ligi yake ya maendeleo, na kabla msimu haujaanza akapandishwa kwenye mkataba wa kawaida. Miaka 2 baadaye alisaini mwingine wa dola zaidi ya milioni 50.

Fred VanVleet hakuteuliwa mwaka 2016, baada ya miaka 4 ya chuo. Msimu wa kwanza aligawana muda kati ya Toronto na timu yao ya maendeleo, mwaka 2019 akawa bingwa wa NBA, na mwaka 2022 akacheza mechi ya nyota wote. Alex Caruso naye hakuteuliwa mwaka huohuo wa 2016. Alisota G League, akapata mkataba wa njia mbili Lakers mwaka 2017, mwaka ambao mikataba hiyo ilianzishwa. Akawa bingwa mwaka 2020, kisha bingwa tena akiwa Oklahoma City mwaka 2025. Kwenye timu hiyohiyo alikuwepo Luguentz Dort, ambaye hakuteuliwa mwaka 2019. Fainali zile upande wa pili kulikuwa na T.J. McConnell wa Indiana, na yeye hakuteuliwa mwaka 2015. Fainali moja, gadi watatu ambao usiku wa drafti majina yao hayakusomwa.

Sisemi kwamba wote wanafika. Wengi hawafiki, na mama yule nilimwambia hivyohivyo. Ila katika niliowaona wakipotea, kilichowapoteza si ule usiku wa drafti. Ni miezi mitatu inayofuata. Mmoja hukaa chumbani wiki nzima na mwili ukalegea. Mwingine husaini mkataba wa kwanza uliotua mezani bila kuusoma. Na walio wengi huharibu kwenye ligi ya majira ya joto, zile mechi za majaribio zinazofuata drafti, kwa kutaka kuonyesha kila kitu kwa siku moja.

Kijana wangu mmoja alipewa dakika 8 kwenye mechi yake ya kwanza pale. Ndani ya dakika 8 akapiga mitupo 7. Ikaingia 3, akatoka uwanjani anatabasamu. Nilikuwa jukwaani, na nilimwona kocha msaidizi akifunika daftari lake kabla hata kijana hajafika benchi. Timu ile ilikuwa na wafungaji wa kutosha. Ilikuwa inatafuta gadi wa kupandisha mpira bila kunyang'anywa, kumkaba mwenzake kuanzia mstari wa nyuma, na kuwaweka wenzake mahali pao pale mpango unapovurugika. Caruso alidumu kwa kazi hiyo. Mwaka 2023 alitajwa kwenye kikosi cha kwanza cha wakabaji bora wa NBA, na si mtu anayejulikana kwa pointi nyingi.

Hapo ndipo inapoingia dhana ya pili, kwamba gadi hupimwa kwa pointi na chenga. Naletewa video kila wiki: krosova (mpira unahamishwa ghafla toka mkono mmoja hadi mwingine), mkabaji anateleza, muziki juu. Mimi nataka kuona kitu kingine. Gadi yuko upande wa kulia, mwenzake mrefu anakuja kumwekea skrini, yaani kusimama amzibie njia mkabaji wake. Gadi anaingia katikati akidunda kwa mkono wa kushoto, wakabaji wawili wanambana, yule mrefu anakimbilia kikapuni. Sasa mkabaji aliyekuwa akimlinda mtu wa kona ya kushoto anatoa mguu mmoja kuja kuziba. Mguu ule ndio jibu. Ukiuona kabla haujatua, mpira uende kona kwa mkono uleule wa kushoto, bila kuudaka kwa mikono miwili, na mwenzako ana mtupo wa pointi tatu hakuna mtu mbele yake. Ukisubiri utue, mkabaji ameshajipanga na pasi inadakwa. Skauti anaangalia hapo. Video ya krosova haionyeshi hapo.

Dawa yangu kwa hili haibadiliki, na wanafunzi wangu wanaichukia: keti na mechi zako 10 za mwisho, tazama mipira uliyopoteza tu, zima sauti, na kila mmoja uandike sababu kwa kalamu. Usiandike "bahati mbaya." Andika ulikuwa unamtazama nani.

Gadi wa pasi namna hiyo alikuwa John Stockton, aliyeanza NBA mwaka 1984 akitokea benchi. Alimaliza baada ya misimu 19 akiwa na asisti 15,806, yaani pasi zilizozaa kikapu, na hadi leo hakuna aliyezifikia.

Kuhusu urefu nitasema kidogo. Muggsy Bogues alikuwa na sentimita 160 na alicheza NBA misimu 14. Isaiah Thomas, sentimita 175, aliteuliwa wa 60, yaani wa mwisho kabisa, mwaka 2011, na msimu wa 2016-17 alikuwa na wastani wa pointi 28.9. Ufupi ni mzigo, hasa unapokaba, na anayekataa hilo anakudanganya. Lakini mzazi anayemwondoa mtoto wa miaka 14 kwenye nafasi ya gadi kwa sababu ya kimo amekosea.

Kuna wanaodhani gadi asipong'ara kufikia miaka 25 basi tena. Kyle Lowry alicheza mechi yake ya kwanza ya nyota wote mwaka 2015 akiwa na miaka 28. Steve Nash alikuwa mchezaji bora wa NBA mwaka 2005 na 2006, wakati ameshavuka 30. Chris Paul alifika fainali kwa mara ya kwanza mwaka 2021 akiwa na miaka 36. Miguu hupungua kasi, lakini gadi aliyefundishwa kusoma uwanja huendelea kuongeza maarifa wakati mbio zinapungua. Anayetegemea mbio peke yake, huyo ndiye wa kumhofia.

Na ile ya kwamba kwenda Ulaya ni kushindwa, hiyo inanikera sana. Manu Ginóbili aliteuliwa wa 57 mwaka 1999, akabaki Italia, akatwaa EuroLeague, ligi ya juu ya vilabu vya Ulaya, mwaka 2001, ndipo akaenda San Antonio mwaka 2002. Vassilis Spanoulis alicheza Houston msimu mmoja tu, akarudi Ugiriki, na akatwaa EuroLeague mara 3. Mike James hakuteuliwa mwaka 2012, akazunguka nchi kadhaa, na mwaka 2024 akawa mchezaji bora wa EuroLeague akiwa Monaco. Hao ni watu waliofanya kazi yao kwa heshima na kulipwa kwayo.

Kinachotakiwa kumwogopesha kijana anayekwenda ng'ambo ni mshahara usiolipwa. Klabu inakaa miezi miwili kimya, ya tatu inakwambia ukubali nusu. Tangu mwaka 2007 FIBA, shirikisho la kikapu duniani, ina mahakama ya usuluhishi inayojulikana kwa kifupi kama BAT, yenye makao ya kisheria Geneva, na klabu isipotii uamuzi wake inaweza kuzuiwa kusajili wachezaji wapya. Ila BAT haiwezi kusikiliza shauri lako kama mkataba hautaji kwamba migogoro itapelekwa huko. Kifungu chenyewe hakijazi hata nusu ukurasa. Mtoto wa yule mama alipata ofa wiki ya tatu baada ya drafti, wakala akatutumia karatasi, na kifungu hakikuwemo. Tuliirudisha. Ilipokuja tena kilikuwa kimeandikwa ukurasa wa mwisho, akatia sahihi.