Alama kwenye fedha za Wahopi: karibu zote zinaita mvua

Mimi ni sonara, na katika kazi zote za fedha nilizowahi kushika, za Wahopi ndo naziangalia mpaka chai inapoa. Hawa ni wenyeji wa asili wa Amerika, wako kaskazini mashariki ya Arizona, Marekani, vijiji vyao viko juu ya vilima vyenye vichwa bapa, chini ni nchi kame kabisa na mahindi wanalima bila kumwagilia, wanategemea mvua na theluji tu. Ukishajua hilo alama zao zinaanza kusomeka.

Shika bangili uangalie. Zile nusu duara zimepandana halafu mistari inashuka chini, hayo ni mawingu na mvua yake, zigizaga ni radi, hindi ndo uhai wenyewe. Yani mtu anatembea na dua mkononi! Ule mstari unaojiviringa unasimulia safari za koo zao kabla hazijafika hapo, na unyayo wa dubu ni wa ukoo wa Dubu, mafundi wengine wanagonga alama ya ukoo nyuma ya pete kama sahihi yao.

Sasa utamu kwa fundi ni huu: anachukua vipande viwili vya fedha, cha juu anakata mchoro kwa kimsumeno chembamba, anakichomelea juu ya kile kizima, halafu anatia dawa ya salfa chini panakuwa peusi na juu anang'arisha. Kwahiyo lile wingu jeusi unaloliona ni tundu, na msumeno ukiyumba kidogo tu kila mtu ataona sababu mara nyingi hata jiwe la kuzibia hakuna.

Mtindo huu sio wa kale. Ufuaji fedha waliupata kwa Wazuni, kabila jingine la wenyeji, mwishoni mwa karne ya 19, na miaka mingi kazi zao zilifanana na za majirani mpaka 1938 makumbusho moja ya mji wa Flagstaff, hukohuko Arizona, ikawahimiza watumie michoro ya vyungu, vikapu na nguo zao wenyewe, halafu 1947 Wahopi wawili, mchoraji Fred Kabotie na sonara Paul Saufkie, wakaanza kufundisha wanajeshi wa Kihopi waliorudi kutoka vita vya pili vya dunia. Michoro ndo ya zamani.

Kinachoniuma ni zile kadi za maduka ya watalii zinazosema alama hii maana yake furaha, ile bahati. Nyingi zilitungwa na wafanyabiashara wauze. Ukinunua muulize fundi mwenyewe maana ya alama na ukoo wake ni upi, na akikuambia nusu akanyamaza ujue limeingia jambo la dini, usimchokonoe.