Danbury Trashers na wafanyakazi hewa wao

Mimi ni mkaguzi wa hesabu, na vitabu vingi vinavyopita mezani kwangu ni vya vilabu vya michezo. Nikipewa vijana wa kuwafundisha kazi, huwa nawaanzishia na timu ambayo karibu wote hawajawahi kuisikia, ya mchezo ambao wengi wetu hatujaucheza: Danbury Trashers, timu ya hoki ya barafuni iliyodumu misimu miwili tu, kuanzia 2004 hadi 2006, huko Connecticut, Marekani. Wakisikia kuna mafia ndani yake wanatoa macho. Mimi nawasubiri kwenye orodha ya mishahara.

Danbury ni mji wa wastani, si mbali sana na New York. Zamani ulisifika kwa viwanda vya kofia, hadi ukaitwa Mji wa Kofia. Kofia zikapitwa na wakati, viwanda vikafa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tajiri mmoja aliyejulikana sana mjini alikuwa James Galante, mzoa taka. Malori yake yalikusanya taka za majumbani na za biashara katika eneo lile lote. Mwaka 2004 alinunua nafasi katika ligi ya United Hockey League, UHL, akamkabidhi timu mwanawe A.J. awe rais na meneja wake mkuu. Kijana alikuwa na miaka 17. Jina la timu maana yake ni kama kusema Watu wa Taka, na nembo yake ilikuwa pipa la taka lililokunja uso, limeshika fimbo ya hoki. Hawakujificha kabisa.

Ili uielewe UHL, weka kando picha ya NHL, ligi kubwa ya hoki ya Marekani na Kanada, na mamilioni yake. Hii ilikuwa ligi ya madaraja ya chini: safari ndefu za basi usiku, viwanja vya watazamaji elfu chache, na wachezaji wanaojua kwamba huenda hawatapanda tena. Timu zilizaliwa na kufa karibu kila mwaka. Hakukuwa na fedha za maana za televisheni. Mlo ulikuwa tiketi, bia na tangazo la gereji lililobandikwa ukutani. Kwa hiyo ligi iliweka ukomo wa mishahara, ili mwenye pesa asiwafilisi wenzake. Ukomo wenyewe ulikuwa dola 275,000 kwa timu nzima, kwa msimu mzima. Gawa kwa wachezaji 20. Kila mmoja anapata chini ya dola 14,000. Kwa Marekani hiyo ni pesa ya mtu anayecheza kwa sababu hajui kufanya kitu kingine, au hataki.

A.J. alitaka timu ya wababe, na akaipata. Kwa wasioufahamu mchezo huu, ngumi ndani yake si ajali. Wachezaji wawili wanatazamana, wanatupa glovu chini, kila mmoja anamkwida mwenzake jezi kwa mkono mmoja na kumpiga kwa mwingine. Waamuzi wanasimama pembeni kidogo, wanawaacha mpaka mmoja aanguke au wote waishiwe pumzi, ndipo wanawatenganisha. Kila mmoja anakwenda kukaa dakika tano kwenye kibanda cha adhabu, kisha anarudi uwanjani. Katika msimu wao wa kwanza Trashers walikusanya zaidi ya dakika 2,700 za adhabu, yaani saa 45 za kukaa kibandani. Miongoni mwa wababe waliopita pale ni Rumun Ndur, mzaliwa wa Zaria, Nigeria, aliyekulia Kanada na kuwahi kucheza NHL akiwa na Buffalo, New York na Atlanta. Mashabiki wa jukwaa namba 102 waliwapenda kupita kiasi, nao wapinzani waliliogopa jukwaa hilo kuliko golikipa.

Ila usidanganyike kwamba zilikuwa ngumi tu. Msimu ule wa 2004–05 wamiliki wa NHL waliwafungia wachezaji nje kwa ugomvi wa mishahara, ligi kubwa ikafutwa mwaka mzima, na wachezaji wakatafuta pa kuchezea. Danbury wakampata Mike Rupp, aliyefunga bao la kuipa New Jersey Devils ubingwa wa 2003. Mwaka 2006 Trashers walifika fainali ya UHL, wakafungwa na Kalamazoo Wings.

Hapa ndipo huwa nawauliza vijana wangu: timu ya aina hii unailipaje kwa dola 275,000?

Huilipi. Waendesha mashtaka walisema mishahara halisi ilifika kama dola 750,000. Kilichozidi kilipitia vitabu vya kampuni za taka. Wachezaji, na hata wake zao, waliandikwa kuwa waajiriwa huko, hundi zikatoka kila kipindi cha malipo, kazi hakuna. Sisi huku tunawaita wafanyakazi hewa, na tumewahi kuwasaka serikalini mpaka tukachoka. Kuwakamata kunahitaji uvumilivu tu. Mfanyakazi hewa haugui, haombi likizo, hachelewi, hagombani na msimamizi. Nikiona jina ambalo faili lake ni safi kiasi hicho, nalitafutia anwani na akaunti ya benki kwingine.

Mwezi Juni 2006 serikali ya shirikisho ikawafungulia mashtaka watu 29, Galante akiwa mstari wa mbele. Kiini cha kesi kilikuwa taka: wazoaji waligawana wateja, hakuna aliyeruhusiwa kumpunguzia bei mteja wa mwenzake, na Galante alilipa dola 30,000 kila robo mwaka kwa Matthew Ianniello, aliyewahi kuwa kaimu bosi wa familia ya mafia ya Genovese, ili mpangilio ule ulindwe. Bei zikapanda kwa kila mwenye pipa. Lakini ndani ya kesi hiyo kubwa kulikuwa na kipengele kinachonipendeza kitaaluma: kuilaghai UHL kwa kuvuka ukomo wa mishahara. Wenzangu wengi hudhani kanuni ya ligi ikivunjwa adhabu yake ni faini na pointi. Ukituma taarifa za uongo kwa ligi iliyo jimbo jingine, sheria ya Marekani inaweza kuuita huo ulaghai wa jinai. Mwaka 2008 Galante alikiri makosa, akahukumiwa miezi 87 jela.

Timu haikusubiri hukumu. Kesi ilifunguliwa wiki chache tu baada ya fainali, kampuni zikawekwa chini ya usimamizi wa serikali, na msimu wa tatu haukuwapo. Timu haikuwa na mfuko wake yenyewe. UHL nayo ilibadili jina mwaka 2007, na 2010 ikafa.

Uwanja wa barafu wa Danbury bado upo. Walikuja Whalers mwaka 2010, wakaondoka; wakaja Titans, nao wakaondoka. Tangu 2019 wapo Hat Tricks, jina linalochezea mabao matatu ya mtu mmoja na kofia za zamani za mji. Pipa limestaafu, ingawa jezi zake bado zinanunuliwa.