Pakarina ni nini?

Katika Kikechua, lugha ya Wainka waliotawala milima ya Andes huko Amerika Kusini kabla ya kutekwa na Wahispania, paqariy ni kupambazuka na pia ni kuzaliwa. Humo ndimo lilimotoka neno pakarina: mahali ambapo mababu wa kwanza wa ukoo au kabila walitokeza kutoka ardhini. Huwa ni pango, chemchemi, ziwa, jabali, hata mti. Wengine hulitafsiri "hekalu", nami naona wanakosea, kwa sababu pakarina haijengwi. Neno chimbuko linakaribia zaidi, ila chimbuko sisi tunalisimulia tu. Watu wa Andes pakarina waliipelekea majani ya koka na pombe ya mahindi, wakazungumza nayo kama mzazi.

Pakarina ya Wainka wenyewe iko Paqariqtambo, kusini mwa Cusco, mji mkuu wao. Husimuliwa kwamba mlimani palikuwa na matundu matatu, na katika lile la kati wakatoka ndugu wanane, wanaume wanne na wanawake wanne, akiwemo Manco Capac, mfalme wa kwanza. Mmoja wao, Ayar Uchu, aligeuka jiwe kwenye mlima Huanacauri, na vijana wa kiume wa ukoo wa kifalme walipanda huko walipokuwa wakiingizwa utu uzima. Jua nalo lilikuwa na mahali pake pa kutokea: jabali katika kisiwa cha Ziwa Titicaca.

Usichanganye pakarina na waka. Waka ni chochote kitakatifu, na kuizunguka Cusco peke yake zilihesabiwa zaidi ya 300. Kila pakarina ni waka, lakini si kila waka ni pakarina.

Je, watu waliohamishwa na dola ya Wainka kwenda mbali walifanyaje? Walichota maji ya chemchemi yao katika chombo, wakafika nayo ugenini na kuyamimina katika chemchemi ya huko, kisha wakaipa jina lile lile. Kama pakarina yao ilikuwa jiwe, walichukua nguo lililovishwa, wakalivisha jiwe jingine.

Wahispania walipowakusanya wenyeji katika vijiji vipya miaka ya 1570, wengi walirudi kwenye mahame yao. Padre Pablo José de Arriaga, aliyekuwa akiyapiga vita "masanamu" yao, aliandika sababu mwaka 1621: pakarina zao zilikuwa kule.